Mine Boy na neno "nafasi": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kijana Xuma

Kikundi chetu hukutana Jumamosi alasiri hapa Dodoma, Chang'ombe, chini ya mwarobaini ulio uani kwa mwenzetu. Wapo wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wapo wa vyuo, yupo fundi cherehani, yupo dereva wa bodaboda anayesoma akingoja abiria. Tumeisoma riwaya hii mara mbili sasa, na kila anapokuja mtu mpya anauliza yaleyale waliyouliza wenzake. Nimeamua kuyaandika majibu ninayoyatoa, pamoja na yale niliyosahihishwa na wenzangu.

Ni riwaya gani, na mwandishi ni nani?

Ni Mine Boy ya Peter Abrahams, iliyotoka 1946. Abrahams alizaliwa 1919 Vrededorp, mtaa wa watu maskini mjini Johannesburg. Mwaka 1939 aliondoka Afrika Kusini akifanya kibarua cha kuchochea moto wa boila melini, akafika Uingereza. Mwaka 1945 alikuwa Manchester kwenye mkutano mkubwa wa Umajumui wa Afrika, pamoja na akina Nkrumah na Kenyatta. Baadaye alihamia Jamaika, na huko ndiko alikofariki mwaka 2017. Naitaja safari yake kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kijana mwenye kipaji ambaye nchi yake haikuwa na mahali pa kumweka.

Sijaisoma bado. Kisa chenyewe ni kipi?

Xuma, kijana mwenye mwili mkubwa na moyo mweupe, anafika Johannesburg usiku wa manane akitokea kaskazini kutafuta kazi. Anapokewa na Leah, mwanamke shupavu anayeuza pombe kwa siri mtaa wa Malay Camp. Anapata kazi mgodini, anafanywa nyapara chini ya Mzungu aitwaye Paddy. Anampenda Eliza, mwalimu, ambaye naye anampenda lakini hawezi kutulia. Maisy anampenda Xuma kimyakimya. Mwisho mgodi unaporomoka, watu wanakufa, na Xuma anakataa kuwarudisha wenzake chini ya ardhi. Ukishajua hayo bado hujajua kitu, kwa hiyo kisome.

Kila mara unarudi kwenye neno "nafasi". Kwa nini?

Kwa sababu lugha yetu imelipa neno hilo kazi nne, na riwaya nzima inakaa ndani yake. Tunasema chumba hakina nafasi, yaani kimebana. Tunasema ofisi imetangaza nafasi, yaani kuna kazi. Tunasema leo sina nafasi, yaani sina muda. Tunasema hakupewa nafasi ya kusema, yaani alinyamazishwa. Abrahams aliandika kwa Kiingereza, lakini kijana wake amenyimwa zote nne kwa pamoja, na zote zimenyimwa kwa sababu moja tu, rangi ya ngozi yake.

Chukua ile ya kwanza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika wa Afrika Kusini takribani asilimia 7 ya ardhi ya nchi yao. Mwaka 1936 kiasi hicho kiliongezwa hadi karibu asilimia 13, nao ndio walio wengi. Sasa ukisoma kwamba Xuma ametoka kwao kuja mjini, usidhani amevutwa na taa za umeme. Kijijini palishabanwa kabla hajazaliwa. Na mjini nako hapakuwa pake: kwa sheria ya mwaka 1923 Mwafrika alihesabika mgeni, anayevumiliwa kwa kadiri Mzungu anavyoihitaji kazi yake.

Ya tatu, ile ya muda, watu huipita haraka. Mwafrika hakuruhusiwa kutembea mjini usiku bila kibali maalumu. Saa za mchana ni za mgodi, saa za usiku ni za polisi. Kijana wa kawaida anapata lini muda wa kukaa na rafiki, kujifunza jambo, au kuzunguka tu akitazama maduka? Kuna mahali Xuma anafanya hilo la mwisho, anatembea mjini akitazama vioo vya maduka, na polisi anamsimamisha kumuuliza pasi, yaani karatasi ya ruhusa ya kuwa mjini. Hajagusa kitu wala kumsemesha mtu. Amesimama tu mahali ambapo hakupangiwa kusimama.

Ya pili na ya nne zina maswali yake hapa chini.

Xuma ana nguvu, ana bidii. Kwa nini asipande cheo?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na huulizwa zaidi na vijana waliolelewa kuambiwa kwamba bidii hulipa.

Anza na siku yake ya kwanza kazini. Anapewa kusukuma toroli lililojaa mchanga wa mgodini hadi juu ya kilima cha taka. Toroli linamwagwa, anarudi kuchukua jingine. Wenzake wanafanya hivyohivyo, kutwa. Baadaye anatazama kile kilima, na hakionekani kuongezeka. Mtu akilima jaruba kule Bahi, jioni anageuka nyuma na kuona alipofika. Udongo uliopinduliwa una rangi yake. Xuma anatafuta alama ya jasho lake na haioni popote. Mimi naamini ukurasa huo umeeleza kazi ya mgodi wa dhahabu kuliko hotuba yoyote, maana mali inatoka kweli, ila inatokea upande ambao aliyeitoa hauoni.

Kisha anafanywa nyapara, "boss boy" kwa lugha ya mgodi ule. Wasomaji wengi hufurahi hapo, wanasema ameanza kupanda. Hapo nawaomba watulie. Juu ya nyapara kuna nini? Kuna Mzungu. Sheria ya migodi ya mwaka 1911, na marekebisho yake ya 1926, zilizifunga kazi za ujuzi zilizohitaji cheti, kama kulipua baruti. Mwafrika aliweza kukaa chini ya ardhi miaka 20, akaijua miamba kwa kuisikiliza tu, lakini cheti asingepewa. Kwa hiyo unyapara si hatua ya kwanza ya ngazi. Ndipo ngazi ilipokatwa. Na walimpa unyapara kwa sababu ana nguvu na watu wanamfuata: uwezo wake wa kuongoza uliopaswa kumwinua ndio uliotumika kuwasukuma wenzake wafanye kazi zaidi.

Mwandishi hakutunga shida hiyo kichwani. Agosti 1946, mwaka uleule riwaya ilipotoka, wachimbaji Waafrika zaidi ya 60,000 waligoma katika migodi ya dhahabu wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi waliuvunja mgomo kwa nguvu na wafanyakazi wasiopungua 9 waliuawa.

Kwa nini jina la kitabu lina neno "Boy" wakati Xuma ni mtu mzima?

Kwa sababu hivyo ndivyo alivyoitwa. Sisi tunalijua neno hilo, tulilipokea enzi za ukoloni likawa "boi", mtumishi wa nyumbani, na bado kuna watu wanasema hausiboi bila kuwaza. Mpishi mwenye wajukuu aliitwa boi na mtoto wa mwajiri wake.

Naomba mlitafakari hili kwa desturi zetu. Kwetu mtu hupanda kwa majina. Ni mtoto, kisha kijana, kisha baba fulani, kisha mzee, kisha babu, na kila hatua ina salamu yake na kiti chake. Hata asiye na mali wala shule hupanda ngazi hiyo, na vijana huinama kidogo wanapompa mkono. "Boi" haina hatua ya pili. Mtu anazeeka ndani yake. Kwa hiyo jina la kitabu peke yake limeshasema kwamba kuna nchi ambayo iliamua mwanamume mweusi asikue.

Pasi ilikuwa kitu gani hasa? Ni sawa na kipande?

Ni ndugu, si pacha. Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba, alikwenda kukata mkonge upande wa Kilosa. Kipande chake alikitunza hadi uzee ndani ya kopo la tumbaku. Kadi nyepesi, imekatika kwenye mkunjo, ina visanduku 30, kila siku ya kazi iliyokubaliwa imewekwa alama. Kisanduku kimoja cha katikati kilikuwa kitupu. Nilimuuliza. Akaniambia, "Mjukuu wangu, siku hiyo nilikuwa na homa. Shambani nilikwenda, ngwe sikuimaliza, msimamizi akasema sikuja." Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita na bado alikiwekea kidole kisanduku kile alipokuwa anasema.

Kipande cha babu kilihesabu siku zake. Kile cha Kenya kilikwenda mbali zaidi, wanaume wakakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Pasi ya Afrika Kusini ilihesabu mahali mtu alipo, kila saa: unafanya kazi kwa nani, umeruhusiwa kuwa mji huu, umeruhusiwa kuwa nje sasa hivi. Ukikosa karatasi, unalala rumande. Ndiyo maana Xuma anapobishana na Paddy kuhusu ubaguzi, anamjibu kwa hoja moja inayomnyamazisha: wewe ni Mzungu, hubebi pasi, utajuaje?

Eliza amesoma. Mbona elimu haikumsaidia?

Wasomaji wa kiume wa kikundi chetu walimchukia Eliza mara ya kwanza. Walimwona anaringa, anamkubali Xuma leo na kumkataa kesho. Dada mmoja anayefundisha shule ya msingi ndiye aliyetufungua macho. Alisema, "Mmemsomesha mtu, mmemwonyesha nyumba nzuri, vitabu na meza iliyopangwa, halafu mlangoni mmeandika kwamba rangi yake haiingii. Mlitaka awe na amani?"

Eliza anataka vitu vya Wazungu na anajichukia kwa kuvitaka. Anampenda Xuma, na anamchukia kwa kuwa amemkumbusha alikotoka. Siku moja anapanda treni na kuondoka moja kwa moja. Hapa ndipo ubaguzi unapomfikia Xuma hata kitandani. Hakunyimwa kazi na makazi tu. Alinyimwa mke, bila askari yeyote kuja kumchukua. Waliomwandaa Eliza walishamtenganisha naye kabla hawajaonana.

Ndipo naposema elimu si ufunguo pale ambapo kitasa kimewekwa kwa ajili ya rangi.

Johannes na J. P. Williamson ni watu wawili?

Ni mtu mmoja, rafiki wa Xuma. Akiwa mzima ni Johannes, mpole, sauti ya chini. Akilewa anakuwa J. P. Williamson, anajigamba na kutaka ugomvi na mtaa mzima. Mtu ambaye mchana hana ruhusa ya kuwa mkubwa hujipa ukubwa usiku. Na mwandishi hakumwacha hapo: mgodi unapoporomoka, Johannes akiwa timamu kabisa, pamoja na bosi wake Mzungu, Chris, wanabaki kuzuia mwamba ili wengine watoke. Wote wawili wanakufa.

Paddy ni Mzungu mwema. Je, hilo halipunguzi hoja ya ubaguzi?

Linaizidisha. Paddy anamkaribisha Xuma kwake, wanakula meza moja, na bado kesho yake mmoja ni bosi na mwingine nyapara, kwa sheria. Wema wa mtu mmoja haukuweza kufuta mstari mmoja wa kitabu cha sheria. Kama ubaguzi ungekuwa chuki ya mioyo tu, urafiki wao ungetosha kuuvunja.

Lakini ubaguzi wa Makaburu si ulianza 1948? Kitabu ni cha 1946.

Mwaka 1948 chama cha National kilishinda uchaguzi na kuufanya ubaguzi kuwa siasa rasmi kwa jina la apartheid. Sheria nilizozitaja zilikuwepo miongo kadhaa kabla. Waliokuja baadaye waliikuta nyumba imeshajengwa, wakaiongezea vyumba na makufuli.

Nikijibu kwenye mtihani, niandike nini kuhusu dhamira?

Nimesoma majibu mengi yanayoorodhesha: ubaguzi, umaskini, ulevi, mapenzi, usaliti. Kila moja na mfano wake, kama bidhaa gengeni. Tafadhali usiandike hivyo. Chukua ulevi. Kwa nini Leah anafukia madumu ya pombe uani na kumlipa askari ampe habari za msako? Kwa sababu Mwafrika mjini hakuruhusiwa kupika na kuuza pombe yake. Kwa nini anauza hata hivyo? Kwa sababu mwanamke mweusi mwenye akili ya biashara kama yake hakuwa na duka la kufungua. Anakamatwa, anafungwa miezi tisa, na nyumba iliyompokea Xuma inakufa. Ukionyesha jinsi uzi huo unavyotoka kwenye sheria hadi kumfikia kijana, umejibu swali.

Sisi watu wa Dodoma hii inatuhusu nini? Johannesburg ni mbali.

Panda gari la Morogoro, shuka Mbande, chukua njia ya Kongwa. Tangu 1964 pale palikuwa na kambi ya wapigania uhuru: vijana wa ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Vijana wa rika la Xuma, waliokuja kujifunza kutumia silaha kwenye vumbi la Ugogo. Baadhi yao wamezikwa palepale. Na J. B. Marks, aliyekiongoza chama cha wafanyakazi wa migodini wakati wa ule mgomo wa 1946, alikuja kufanya kazi za ANC nchini kwetu, na mwaka 1969 ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wake mkubwa pale Morogoro.

Kongwa ina jambo jingine. Kabla ya kambi palikuwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, fedha za Uingereza zipatazo pauni milioni 36 zikapotea ardhini. Ndani ya mradi huo ilijengwa shule ya watoto wa Kizungu. Tanganyika nzima ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila rangi kivyake, hadi baada ya uhuru. Mtoto wa Kigogo aliyechunga mbuzi ng'ambo ya uzio ule hakuhitaji kusafirishwa hadi Johannesburg ili akielewe kitabu hiki.

Na wapo waliosafirishwa kweli. Watu wa nyanda za juu kusini, hasa Rungwe, walikwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia shirika lililoitwa Wenela, hadi Serikali yetu ilipositisha jambo hilo baada ya uhuru.

Nimemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na sina ajira. Je, mimi ni Xuma?

Kijana aliyeuliza hili aliuliza kwa uchungu na sikutaka kumjibu haraka. Nilimwambia hapana, nikamweleza kwa nini, na nitaeleza tena.

Ukosefu wa ajira unauma. Kujuana kunauma zaidi, pale nafasi inapotangazwa na mwenyewe ameshajulikana. Lakini hakuna sheria inayosema wewe, kwa ngozi uliyozaliwa nayo, usipewe cheti hata ukifaulu. Unaweza kulalamika kwa jina lako, kugombea, kuhama mkoa bila karatasi ya mtu, kumjibu aliyekudharau. Xuma hana hata kimoja cha hivyo. Tukimwita kila mwenye shida Xuma, tutakuwa tumeufanya ubaguzi wa rangi uonekane jambo la kawaida, kama ukame, na haukuwa hivyo. Watu walikaa kwenye viti, wakaandika sheria, wakapiga kura. Dhiki yako inastahili jina lake yenyewe na waliosababisha wake wenyewe.

Hakufurahi na jibu hilo. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na ndiye anayeleta viti sasa.

Mwishoni Xuma ameshawatoroka polisi. Kwa nini anaamua kujisalimisha?

Baada ya ajali, wakubwa wanaamuru watu warudi chini. Xuma anakataa, wachimbaji wanasimama naye, na Paddy anavuka kuja upande wao. Polisi wanaingia na virungu, Paddy anakamatwa, Xuma anakimbia. Anafika kwa Maisy na Ma Plank, yule bibi aliyekuwa akiishi nyumbani kwa Leah. Angeweza kuondoka mjini usiku uleule.

Anasema hawezi kumwacha Paddy jela peke yake kwa ajili ya watu ambao si wa rangi yake. Na anasema ana mambo mengi ya kusema, anataka wasikie jinsi watu weusi wanavyojisikia. Maisy anaahidi kumngoja.

Wengine katika kikundi chetu huona huo ni ujinga, mtu kujipeleka mwenyewe mahakama itakayomfunga. Dereva wetu wa bodaboda ndiye aliyenionyesha ile nafasi ya nne. Alifunga kitabu, akasema, "Kaka, huyu tangu ukurasa wa kwanza kila mtu anamuuliza pasi iko wapi. Hakuna aliyemuuliza, wewe unasemaje. Pale mahakamani angalau watamuuliza."

Wiki ile tuliahirisha kitabu kilichofuata, tukairudia sura ya mwisho kwa sauti, kila mmoja ukurasa wake.